Baiskeli ya mzigo ya stima: ya bure, ya kukodi au ya chama? Na usiku italala wapi?

Jana asubuhi nilichukua futi ya fundi nikapima mlango wa nyumba yetu hapa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, ule mlango mzito wa mbao wa tangu enzi za babu. Ukifungua upande mmoja wapata sentimita 68. Ukitaka zaidi lazima utoe komeo la juu na la chini ufungue na ule upande wa pili wenye mfaa, ambao mara ya mwisho kufunguliwa ilikuwa siku tuliyotoa jeneza la nyanya, Mungu amrehemu. Sasa baiskeli ya mzigo ya magurudumu matatu upana wake ni sentimita 85 mpaka 90 hivi, kwa hivyo kuna watu kwenye chama chetu washachagua rangi ya baiskeli ambayo haitapita mlangoni.

Naanza na mlango makusudi. Chama chetu tuko watu kumi, wengi mama wa mapishi, wawili wauza mboga, mmoja ana mashine ya juisi ya miwa, na huu mwezi wa pili sasa twabishana, tununue baiskeli ya stima (yani yenye mota na betri) ya pamoja au tusinunue, ya namna gani, nani aiendeshe, nani alipe. Kila kikao ni video za Wazungu wamebeba watoto kwenye sanduku wanacheka. Hakuna hata mmoja aliyeuliza usiku italala wapi. Basi nimekaa na daftari nikalinganisha, nawawekea hapa vile nilivyoona, na atakayepinga karibu, aje na futi yake.

Tunavyobeba sasa hivi

Mzigo wetu mkubwa watoka soko la Kongowea, viazi, vitunguu, nazi, ndimu, na vitu vidogo vidogo twachukua soko la Marikiti. Kongowea mpaka huku ni kilomita tano, sita ukizunguka, na katikati kuna daraja la Nyali. Daraja lenyewe si mlima, lakini muulize yule mwenye mkokoteni na gunia nne za viazi, saa kumi na mbili asubuhi, matatu zampigia honi nyuma, atakwambia kama si mlima.

Mkokoteni sisi hulipa shilingi 250, siku ya jua kali 300. Wabeba mzigo ambao baiskeli yoyote itaukimbia, hautaki chaji, na yule hamali ndiye mlinzi wake mwenyewe, tena mwenye heshima yake akuletea mpaka jikoni. Ubaya wake muda, saa nzima na zaidi, ukifungua kreti nyanya za chini zishakuwa mchuzi. Tuktuk ni 400, dakika ishirini umefika, lakini umefika wapi? Umefika barabara kubwa, kwenye vichochoro vyetu haingii, hapo wamtafuta tena kijana wa kubeba na yeye ana bei yake. Boda ni 150 kwa gunia moja, na sinia la sambusa juu ya boda mimi nilijaribu mara moja tu, sitaki hata kulisimulia. (Kuna mtu atasema pikipiki za stima, zile rais alizokuja kuzizindua hapa Mombasa Septemba 2023. Sawa, lakini kwa mzigo bado ni boda, na yataka leseni na bima kama boda yoyote.)

Baiskeli ya mzigo yenye mota yakaa katikati ya hawa wote. Zile za magurudumu mawili zenye sanduku mbele huchukua kilo 80 mpaka 100, ya matatu iliyojengwa vizuri yafika 150, nyingine hata 200. Kule Ulaya mota yake imebanwa na sheria, wati 250, na ukifika mwendo wa kilomita 25 kwa saa yaacha kusukuma, na hiyo hiyo ndogo yatosha daraja la Nyali kwa sababu kazi yake kubwa ni kukutoa uzito miguuni. Betri ya volti 48 ampia-saa 20 ni wati-saa 960, yani haifiki hata unit moja ya tokeni. Na mzigo tuseme yala wati-saa 20 kila kilomita, Kongowea kwenda na kurudi ni kilomita 12, safari tatu kwa siku zaingia na chaji yabaki. Chaja nayo hupoteza kidogo, kwa hivyo jaza unit moja na kitu, kwa bei ya tokeni nyumbani kwangu ni kama shilingi 35 kwa siku. Chai na mahamri mawili kwangu ni 50.

Hapo ndo watu wote hupiga makofi na kikao chafungwa. Ngojeni kwanza.

Kuazima: ya bure, ya kwa saa, ya zamu

Aliyetutia wazimu huu ni dada mmoja wa mtaa huu huu ameolewa Köln, Ujerumani. Kule kuna baiskeli za mzigo za kuazima bure, bure kabisa. Kikundi cha watu kilianza na moja mwaka 2013 wakaipa jina Kasimir, kama mtu. Baiskeli yakaa kwa mwenye duka au mkahawa, wewe waingia kwenye intaneti wabuku siku yako, waenda na kitambulisho, wapewa ufunguo, ukimaliza warudisha, na ukitaka watia chochote kwenye kopo. Programu ya kubukia yaitwa CommonsBooking na wanaigawa bure, vikundi vya miji mingine navyo vyaitumia. Berlin wana zao zaitwa fLotte, tangu 2018, chini ya chama cha waendesha baiskeli.

Uswizi wao wakaona afadhali kulipisha. Carvelo ilianza Bern 2015, zao ni za stima, walipisha kwa saa. Kuna ujanja wao mmoja niliupenda mpaka nikamsomea mume wangu: betri na ufunguo havikukaa na baiskeli, vilikaa ndani kwa mwenyeji, duka la mikate, mkahawa, famasia. Baiskeli yenyewe imefungwa nje, mwizi akiichukua amechukua chuma kizito kisichokwenda. Na mwenyeji ujira wake ulikuwa kuitumia yeye mwenyewe saa kadhaa bila kulipa.

Sasa zileteni huku muone.

Ya bure ya Köln mimi naipenda lakini si yetu, na sababu yake si umaskini wala wizi kama mnavyosema. Mjerumani aazima Jumamosi moja kuhamisha kabati, halafu humwoni mpaka baada ya miezi mitatu. Sisi sote kumi twaitaka siku moja saa moja, alfajiri mpaka saa tatu. Ramadhani ikiingia yageuka, kila mtu aitaka alasiri, ana masinia ya kupeleka kabla ya adhana ya magharibi. Baiskeli moja ya bure kwa watu kumi wenye haja ya saa ile ile, hapo mmenunua ugomvi kwa pesa zenu. Na ikipata puncha ya kwanza, mtasikia, "mimi niliikuta hivyo hivyo".

Ya kwa saa, mfano wa Bern, ina mushkil mwingine ambao huwezi kuuona ukiwa Bern. Duka za mtaa wetu hufungwa adhuhuri, mwenye duka aenda kuswali, aenda kula, alala kidogo, arudi alasiri. Ijumaa ndo usiseme. Kwa hivyo ufunguo umefungiwa ndani saa tatu nzima na wewe una oda ya pilau ya watu thelathini Ganjoni. Halafu saa ikiwa ni pesa watu hukimbiza, na kukimbiza baiskeli ya kilo mia juu ya matofali ya kabro yaliyolowa, mbele ya madrasa watoto watoka... mimi hapana.

Ya chama kwa zamu ndiyo niliyodhani itashinda, nikakaa nikapanga ratiba. Safari moja ya Kongowea, kwenda, kununua, kupakia, kurudi, kushusha, ni saa moja na nusu. Kuanzia saa kumi na nusu alfajiri mpaka saa tatu wapata safari tatu, kwa hivyo watu watatu kwa siku. Siku sita ni watu kumi na nane, sisi tuko kumi, kila mtu apata asubuhi moja au mbili kwa wiki. Mimi mwenye mapishi yanitosha. Dada wa mboga ambaye ataka mchicha wa leo leo, hiyo yamsaidia nini?

Ndo nikafika kwenye namna ya nne ambayo kwenye zile video haimo: baiskeli na kijana wake. Yani asubuhi haazimwi mtu, kijana mmoja wa mtaani aiendesha, achukua mzigo wa sote kwa pamoja kwa orodha, safari tatu za kilo 150 ni kilo 450, na sisi kumi kwa wastani kila mtu ana kilo 35, 40. Yaingia. Na semeni ukweli, ni nani kati yetu hapa atajifunga buibui yake avuke daraja la Nyali saa kumi na moja alfajiri na baiskeli ya stima? Mkono wangu haujainuka.

Hesabu, na swali lililonitoa jasho

Nilichukua mfano tu. Mpya kutoka Ulaya sahau, zaanzia euro elfu tatu, nne na kuendelea, hiyo ni laki tano sita kabla ya meli na ushuru. Tuseme basi twachomelewa fremu ya magurudumu matatu na mafundi wa jua kali, twatia mota na betri, yote imefika laki mbili na nusu, kila mtu 25,000. Ukiigawanya kwa miaka minne ni 5,200 kwa mwezi. Stoo ya kuilaza 4,000. Stima 900. Matengenezo 2,000. Akiba ya betri nyingine 1,500, hii msiiruke, betri siku yake yaja. Kijana 100 kwa safari, safari tatu, siku 26, ni 7,800. Jumla 21,400.

Nikaisoma kwenye kikao kwa sauti, najisikia. Bi mkubwa wetu mmoja, huyo hajui hata kufungua WhatsApp, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, na tukikodi tuktuk moja sote kila siku mara mbili ni ngapi?"

Mia nane kwa siku. Siku 26. Ni 20,800.

Nilinyamaza. Manake ni kweli, kwa mzigo wa Kongowea peke yake baiskeli haimshindi tuktuk mkishapanga mzigo wenu pamoja, shida yetu miaka yote ilikuwa kila mtu akodi yake nusu tupu. Nililala na hilo swali siku mbili. Jibu nililolipata ni kwamba tuktuk ya asubuhi ikishashusha imekwenda zake. Baiskeli kuanzia saa tatu mpaka magharibi ni yako, iko mtaani, yaingia kwenye vichochoro ambavyo tuktuk haiingii, na hapo ndipo kuazimana kwenyewe kunapoanza: mtungi wa gesi, madebe ya maji siku mifereji imekauka, viti vya harusi, sufuria la biriani, mzee wa kupeleka kliniki. Ukiazima mara nne tu kwa siku kwa shilingi 50, ni 5,200 kwa mwezi, jumla yashuka mpaka 16,200. Isipoazimwa kabisa, basi kodini tuktuk mkale pesa zilizobaki.

Na itaazimwa mara nne au haitaazimwa kwa kutegemea kitu kimoja, iko wapi. Nani atatembea mpaka Buxton kuchukua baiskeli ya kubeba gesi Kibokoni? Kwa hivyo ile habari ya italala wapi ndo biashara yenyewe.

Aina yenyewe, kwa ufupi

Ya sanduku mbele ni nzuri barabarani lakini ni ndefu, mita mbili na nusu, pembe za vichochoro vyetu utaikunja vipi. Ya mkia mrefu ni nyembamba kama baiskeli ya kawaida, hii ingepita hata kwenye mlango wangu, lakini mzigo wakaa juu na nyuma na wataka mtu wa kuishikilia wakati wa kupakia, ikianguka imeanguka na viazi vyote. Ya magurudumu matatu yasimama yenyewe, mama yeyote aweza kuipakia, na ndiyo ya maji na viti. Ubaya wake, kona ukiichukua kwa kasi yainua gurudumu moja, kijana lazima afundishwe, na huo upana wa sentimita 90. Mimi nachagua ya matatu.

Betri kuna za aina tatu mtakazoambiwa. Ya asidi kama ya gari, rahisi, nzito kama jiwe la kusagia, na ukizoea kuimaliza kabisa itakufa mapema. Lithiamu ya kawaida, nyepesi, duru 500 mpaka 1,000 za chaji ndo yaanza kuchoka. Na kuna lithiamu ya fosfeti ya chuma, nzito kidogo kuliko hiyo, lakini yaenda duru 2,000 na zaidi na haina hasira sana kwenye joto. Kwa Mombasa, na kwa chama, hiyo ya mwisho. Msibishane na joto la huku.

Italala wapi

Ngazini. Kila mtu atasema ngazini kwa sababu ni bure. Mwaka juzi baiskeli ya kijana wangu, black mamba ya kawaida tu, ilikuwa imefungwa ngazini kwenye ile nyumba tuliyokuwa tumepanga, kwa kile kifuli cha waya kilichovikwa plastiki ya buluu. Asubuhi nikakuta plastiki ya buluu. Waya ulikatwa kama tambi. Chini kulikuwa na soja wa duka, nikamshukia, akaniambia kwa upole, "Mama, mimi nalinda duka, ya baiskeli hukuniambia." Na kweli sikumwambia, nilikuwa nampa hamsini kila wiki nikadhani twaelewana.

Lakini wizi si shida kubwa ya ngazi. Shida ni moto. New York mwaka 2023 watu 18 walikufa kwa moto uliotokana na betri za lithiamu za hizi baiskeli na pikipiki za stima. Betri ya lithiamu ikianza kuungua haingoji, ni dakika, na moshi wake ni sumu, na ikiwa iko ngazini basi njia yenu ya kutokea ndiyo jiko. Nyumba zetu za Mji wa Kale zina ngazi moja, ya mbao, na juu kuna bibi ambaye kushuka kwake ni nusu saa siku njema. Kwa hivyo ngazini kwangu hapana, na msinirudishie hoja hiyo tena.

Nje na soja. Ni rahisi, mia mia kila duka. Lakini andikianeni, analinda nini, kuanzia saa ngapi, ikipotea ni nani. Bila hivyo ni plastiki ya buluu tena. Na mvua za masika na huu upepo wa chumvi, baiskeli inayolala nje hapa miezi sita cheni ishakuwa nyekundu.

Kibanda cha chuma. Hiki ndicho vijana wanakipenda, wamekiona London, yale makasha ya duara yenye mfuniko, moja lachukua baiskeli sita kwenye nusu ya nafasi ya gari moja, majirani walipa kwa mwaka na kila mmoja ana ufunguo wake. Rotterdam nao wana yao ya baiskeli tano. Kizuri sana, lakini tazameni, hayo yamepimwa kwa baiskeli za kawaida, ya mzigo ya magurudumu matatu haiingii, kwa hivyo lazima tuchomelewe letu. Mafundi wapo, paipu na bati zipo. Halafu utaliweka wapi? Kando ya barabara si pako, ukiamka asubuhi kanjo, askari wa kaunti, wamelipandisha lori pamoja na baiskeli ndani, mpaka upate ruhusa ya kaunti kwa maandishi. Na saa nane mchana wakati wa kaskazi, kasha la bati lililofungwa ni tanuri, weka betri ndani uone. Mkilifanya, betri isikae humo kamwe, mtoboe tundu za hewa chini na juu, mpake rangi nyeupe, na mchague mabati yaliyotiwa zinki. Kwa wale wa Tudor au Mikindani wenye viwanja vyenye geti, hili laweza kuwa ndo jibu lenu kabisa. Kwetu sisi tunaopitana mabega kichochoroni, nafasi iko wapi?

Uwanja wa msikiti au madrasa. Pana usalama, pana watu, pana geti. Lakini ni wakfu, kuna kamati, na baiskeli ya biashara kwenye mali ya wakfu ni maneno. Mzee mmoja wa kamati nilipomdokezea alinitazama tu akaendelea na tasbihi yake. Nikaelewa.

Stoo ya chini. Mwisho nimerudi hapa. Chumba cha chini kinachotazama kichochoro, kuta za mawe ya matumbawe nene kama mkono, hakina kazi isipokuwa kuhifadhi vitu vya mwenye nyumba. Hakipati jua, chapata hewa kwa dirisha la nondo, kuta haziungui, na hakiko kwenye njia ya mtu ya kutokea. Chataka soketi yenye mita yake ya tokeni ili tusigombane stima ya nani, na chuma cha kufungia kilichozamishwa sakafuni kwa saruji. Mnyororo uwe mnene, ule mwembamba mkasi mkubwa wa chuma waukata kwa mikono. Grainda hukata chochote, hilo lijueni, lakini grainda yapiga kelele na mtaa wetu hakuna mtu haamki.

Ukilinganisha na kibanda cha chuma, stoo ni gharama kila mwezi, kibanda ni gharama ya mara moja. Miaka minne ya stoo ni 192,000, karibu bei ya baiskeli ya pili. Hilo laniuma, sitaficha. Lakini stoo yakupa na mahali pa kuchaji, na hilo ndo kibanda hakikupi.

Na sheria za kuchaji nishaziandika ukutani kabla hata ya kupata ukuta: chaja iwe ile ile iliyokuja na betri, si ya kuazima ya mtu. Baiskeli ikitoka juani ipumzike nusu saa betri ipoe. Hakuna kuchaji usiku watu wamelala, yachajiwa mchana adhuhuri wakati duka zimefungwa na baiskeli haina kazi (mwaona ile adhuhuri ilikuwa na faida yake). Betri iliyoanguka au iliyovimba haiguswi wala haipelekwi kwa fundi wa redio. Na kila Ijumaa ioshwe kwa maji matamu, cheni itiwe mafuta.

Funguo mbili tu, moja kwa kijana, moja kwa yule mama ambaye nyumba yake yatazama stoo na yuko nyumbani muda wote. Yeye ndo mwenyeji wetu kama wale wa Bern, na ujira wake ni huo huo, maji yake na gesi yake zabebwa bure. Anayetaka kuazima mchana amwendea, aandika jina daftarini, atuma 50 kwa till ya simu, achukua. Mtu asiye wa mtaa aacha kitambulisho. Hatuhitaji programu ya intaneti kwa watu ambao waweza kuitana kwa dirishani.

Nani achukue gani

Kama wewe ni mtu wa kuhamisha friji mara moja kwa mwaka, usinunue chochote, muite hamali. Kama mwaendesha duka moja tu la jumla lenye stoo yake, nunueni yenu wenyewe, chama kitawachelewesha. Kama mko kwenye mtaa wa magorofa wenye geti na soja anayelipwa rasmi, hebu jaribuni mfano wa bure wa Köln, manake haja zenu hazigongani asubuhi, na kibanda cha chuma chatosha, betri kila mtu apande nayo, au bora ikae kwa soja. Sisi wa vichochoroni ni ya chama, magurudumu matatu, na kijana asubuhi, na kuazimana mchana, na stoo iwe hatua mia kutoka kisimani, isizidi.

Na mkiwa chama cha mdomo tu kama sisi tulivyokuwa, jisajilini kwanza, kuna sheria ya vikundi vya jamii ya 2022. Siku baiskeli itamgonga mtu au siku mmoja wenu atataka 25,000 yake arudi kwao Lamu, ndo mtajua umuhimu wa karatasi.

Kikao ni Jumapili baada ya alasiri. Mlango wa stoo nimeupima mara mbili, sentimita 112, yapita na mikono. Mwenye nyumba akubali bei lakini ataka depositi ya miezi miwili, na ataka gunia zake tatu za makaa zibaki pale pembeni mpaka mwisho wa mwezi. Nimemwambia makaa na betri chumba kimoja haiwezekani, aniondolee hizo gunia au aniuzie mimi nizipikie. Nasubiri jibu lake.